Maksi 70 hazina bei moja: Vijana wa fizikia na milango ya ng'ambo

MATRAH – Kila matokeo ya vyuo vikuu yanapotoka, iwe Muscat, Zanzibar au Nairobi, suali ni lile lile katika nyumba zetu za Waswahili hapa Matrah: kijana wa fizikia aliyekosa daraja la kwanza, je, uzamili na uzamivu wa ng'ambo ndio basi?

Jawabu ni hapana, lakini pana mtego. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maksi 70 ni A. Marekani, kwa kawaida, ni C. Dar wastani huhesabiwa hadi 5.0, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, hadi 4.0. Kijana mwenye 3.8 ya Dar ana daraja la pili la juu. Akiiandika hivyo hivyo bila ya kipimo, Marekani watamdhania bingwa. Wakizipima maksi zake 65 kwa jedwali lao, watamuona wa D. Yote mawili si kweli. Basi andika kipimo, na uambatishe maelezo ya madaraja ya chuo chako.

Tusidanganyane, alama zina uzito. Vyuo vingi vya Uingereza hutaka daraja la pili la juu, na vingi vya Marekani huanzia 3.0 kwa 4.0. Lakini wanaochagua husoma somo kwa somo: mekanika, umeme na sumaku, kwantamu, hisabati. Aliyeanza na C akamaliza na A si sawa na aliyeporomoka. Na kwa kuwa tangu 2020 idara nyingi za Marekani zimeacha kulazimisha mtihani wa GRE wa fizikia, mradi wa utafiti na barua za walimu wanaokujua vimezidi thamani.

Ngazi nazo zipo. Kituo cha fizikia cha ICTP, Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Mshirika wake wa Kigali, aliyeanza 2018, anatoa uzamili.

Wazee wetu wengi waliorejea Oman baada ya 1970 walipata kazi kwa elimu ya skuli za Unguja, na hapa walikuwapo watu walioijua elimu ile. Watoto wetu leo wanasomwa na wasiowajua. Wahadhiri wetu nyumbani, barua mnayoombwa msiione ndogo. Huenda ndiyo itakayomsemea kijana pale ambapo maksi zake hazifahamiki.