Tairi Linaposugua Fenda: Pima Kwanza, Kata Baadaye

Gari likishushwa na kufungwa rimu kubwa, hupendeza. Kasoro husikika siku mwenye gari anapopakia watu nyuma, au anapokata kona huku tairi moja likiingia shimoni. Hapo hutoka mkwaruzo mkali ndani ya fenda, ukifuatiwa na harufu ya mpira ulioungua. Wengi huuzoea mlio huo, na ni kosa kubwa. Tairi linalosugua chuma huchanika ubavuni, na ubavu hauzibiki kama pancha ya kawaida. Likipasuka kwenye mwendo wa barabara kuu, walio hatarini ni wote waliomo garini na wanaopita jirani.

Tatizo hili lina tiba, na mara nyingi haihitaji fedha nyingi. Sharti ni moja: ujue tairi linagusa wapi na kwa nini, kabla fundi hajashika nyundo au msumeno.

Alama za kutafuta

Egesha gari mahali tambarare. Pima kwa futi kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kwenye magurudumu yote manne. Kama kulia na kushoto kunatofautiana sana, usianze kulaumu rimu. Kagua kwanza springi iliyovunjika, shokapu iliyokufa, bushi zilizoliwa au mkono wa chini uliopinda. Gari linalosugua upande mmoja tu mara nyingi lina ugonjwa mwingine, na ukikata fenda ugonjwa huo utabaki palepale.

Kisha paka chaki ndani ya fenda: kwenye ukingo wa chuma, kwenye plastiki ya kukinga matope, na upande unaotazamana na shokapu. Pakia watu kama unavyopakia siku za kawaida. Endesha taratibu, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, panda tuta, kisha rudi ukague.

Chaki ikifutika kwenye ukingo wa chuma juu ya tairi la nyuma, ama tairi limetokeza mno nje ama gari limeshuka kupita kiasi. Ikifutika kwenye plastiki ya mbele karibu na bampa, tairi linagusa wakati wa kukata kona. Ukiona sehemu inayong'aa kwenye shokapu au kwenye chasi, gurudumu limeingia mno ndani. Hapo kagua pia mpira wa breki na waya wa sensa ya ABS, kwa sababu vikikatika hasara yake ni kubwa kuliko ya tairi.

Hesabu ya milimita

Chukua tairi la 205/55R16, linalotumika kwenye magari mengi ya ukubwa wa kati. Namba 205 ni upana kwa milimita, na 55 inamaanisha kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani karibu milimita 113. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu ya inchi 16, kipenyo chote ni karibu milimita 632.

Ukitaka kuhamia inchi 18, tairi la 225/40R18 lina kipenyo cha karibu milimita 637, tofauti ya milimita 5 tu. Lakini ukiuziwa 225/45R18 kwa kuwa ndilo lililokuwepo dukani, kipenyo kinafika karibu milimita 660. Tairi limekua kwa milimita 14 kila upande, juu, mbele na nyuma, na hizo ndizo zinazogusa plastiki ukikata kona. Tena spidomita itasoma mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda kweli.

Upana wa rimu na ofseti navyo vina hesabu yake. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, nayo huandikwa ET. Ukitoa rimu ya upana wa inchi 6.5 yenye ET45 na kufunga ya inchi 8 yenye ET35, ukingo wa nje unasogea nje kwa milimita 29, na wa ndani unaingia ndani kwa milimita 9. Karibu sentimita 3 zimeongezeka upande wa fenda, na hapo gari hata halijashushwa. Hesabu hii ifanyike dukani, kabla ya kulipa.

Tiba kwa mpangilio

Anza na yale yanayoweza kurudishwa. La kwanza ni tairi la saizi sahihi, lenye namba ya uzito isiyopungua ile ya tairi la kiwandani. La pili ni kimo: kama shokapu zako zina uzi wa kurekebisha, pandisha gari kwa sentimita 1 au 2 kisha ujaribu tena. La tatu ni alaimenti, ambayo ni lazima kila gari linaposhushwa. Kulaza gurudumu kwa nyuzi 1, kichwa chake kielekee ndani, huvuta sehemu ya juu ya tairi ndani kwa takriban milimita 5. Usizidishe, maana tairi litaliwa upande wa ndani na kufika kwenye nyuzi za chuma huku nje likionekana jipya.

Kama linagusa ndani, spesa inaweza kusaidia, mradi ikae barabara kwenye habu na boliti ziwe na urefu wa kutosha. Kwa boliti za milimita 12 zenye uzi wa 1.5, nati iingie angalau mizunguko 8 kamili. Zenye uzi wa 1.25, mizunguko 10. Ikipungua hapo, gurudumu linaweza kuchomoka. Kaza nati upya baada ya kilomita kati ya 50 na 100.

Plastiki inayoguswa kidogo inaweza kupashwa moto, kusukumwa nyuma na kufungwa vizuri. Ukingo wa chuma wa fenda ndio wa mwisho kuguswa. Ukunjwe kwa mashine ya rola, rangi ikiwa imepashwa moto ili isipasuke, kisha upakwe dawa ya kuzuia kutu. Fundi anayeugonga kwa nyundo hupasua rangi, na kwa magari ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, hewa ya chumvi itamalizia kazi hiyo.

Usikate springi

Kukata springi ni rahisi kwa bei, nayo ndiyo njia mbaya kuliko zote. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, ncha yake haikai vizuri kwenye kikombe, na gurudumu likining'inia inaweza kulegea na kuhama mahali pake. Wala usiondoe mpira mgumu ulio kwenye fimbo ya shokapu ili gari lishuke zaidi. Mpira huo ndio unaozuia gurudumu kupanda hadi kugonga fenda.

Ukishafanya yote haya na chaki bado inafutika, pandisha gari au rudisha rimu ndogo. Gari lililo salama ni lile linalopita kwenye tuta likiwa limejaa watu bila tairi kugusa kitu. Usiende nalo safari ndefu kabla halijafaulu jaribio hilo.