Hasira Katika Munadhara: Hukumu na Adabu Zake

 

Wanafunzi hutuuliza mara kwa mara: anayejadiliana katika mas-ala ya dini akapandwa na hasira, je, hiyo ni ghera ya dini au ni maradhi ya nafsi? Swali lina uzito, kwani mizozo ya mwezi muandamo, maulidi na kunuti imewafarakanisha waumini katika misikiti yetu, na kila upande unadai kuwa ukali wake ni kwa ajili ya Allah.

Tuanze na mlango wa ukadhi, kwa sababu hapo ndipo fuqahaa walipolichambua jambo hili. Sahaba Abu Bakra (r.a.) alimwandikia mwanawe Ubaydullah, aliyekuwa kadhi huko Sijistan, akimtahadharisha asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ameghadhibika, kwani alimsikia Mtume (s.a.w.) akilikataza hilo. Wameipokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wa usuli wakauliza: ni ipi illa ya katazo hili? Wakasema si hasira kwa jina lake, bali ni kule kuvurugika kwa fikra kunakomzuia kadhi asizipime hoja sawasawa. Kwa hiyo hasira ndogo isiyoifunika akili haimzuii kuhukumu. Kwa upande wa pili, wameingiza kwa qiyasi njaa kali, kiu, usingizi, maumivu, hofu, na hata furaha iliyopindukia.

Hiyo ya mwisho husahauliwa sana. Mtu anaposhangiliwa kwa takbira kila amalizapo sentensi, fikra zake huvurugika kama za aliyetukanwa. Na tunavyoona, takbira nyingi katika mihadhara ya kujibizana humwendea mwenye sauti kubwa, si mwenye dalili.

Kwa maoni yetu, mwenye kujadili anaingia katika illa hiyo hiyo. Yeye naye ana dalili mbili mbele yake, yake na ya mwenzake, na anatakiwa azipime. Tena hali yake ni ngumu kuliko ya kadhi, kwa kuwa yeye ni hakimu na mdai kwa wakati mmoja.

Atasema msemaji: mbona Mtume (s.a.w.) alihukumu akiwa ameghadhibika? Ni kweli. Zubayr (r.a.) alizozana na mtu katika Ansari juu ya maji ya mifereji ya Harra. Mtume (s.a.w.) akamwelekeza Zubayr anyweshe kisha amwachie jirani yake. Yule mtu akasema kwamba amependelewa kwa kuwa ni mtoto wa shangazi yake. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika, akamwamuru Zubayr ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba. Maulamaa wameeleza kuwa amri ya kwanza ilikuwa ya suluhu, ndani yake Zubayr akiachia sehemu ya haki yake. Ya pili ilikuwa haki yake kamili, wala haikuzidi. Ghadhabu haikumtoa Mtume (s.a.w.) kwenye haki hata kidogo, naye ni maasumu. Anayejipimia ukali wake kwa kisa hiki basi kwanza atuoneshe isma yake.

Hata hivyo, hatusemi kuwa mjadala ufanywe kwa moyo mkavu. Tazama munadhara wa Ibn Abbas (r.a.) na Makhawariji huko Harura. Alimwomba Ali (r.a.) aicheleweshe kidogo adhuhuri ili apate kuzungumza nao, na Ali alimhofia. Akavaa nguo nzuri ya Yemen. Alipofika wakaanza na nguo yake, naye hakukasirika, aliwajibu kuwa amemwona Mtume (s.a.w.) katika nguo nzuri zaidi. Wengine wakasema Makuraishi wasijadiliwe kwa kuwa ni watu wa ubishi, wakiitumia aya ya Surat Az-Zukhruf. Hilo nalo akalipita. Akawaomba wataje malalamiko yao dhidi ya Ali. Yalikuwa matatu: amewafanya watu kuwa mahakimu katika jambo la Allah, amepigana vita vya Ngamia bila kuchukua mateka wala ngawira, na amejifutia cheo cha Amirul Muuminina. Akawauliza kama wana jingine, na kama watarejea akiwajibu kwa Kitabu na Sunna. Hapo ndipo alipoanza kujibu.

La kwanza alilijibu kwa hukumu ya mawindo katika Al-Maida na ya mume na mke katika An-Nisaa, ambamo watu wamepewa uamuzi. La tatu kwa sulhu ya Hudaybiya ya mwaka 6 Hijria, ambapo Mtume (s.a.w.) aliridhia kufutwa maneno "Mtume wa Allah" na utume wake usifutike.

La pili ndilo linalohusu maudhui yetu. Aliwauliza: je, mtamteka mama yenu Aisha? Swali hili linachoma moyo, lakini msingi wake ni aya ya Surat Al-Ahzab inayowafanya wake wa Mtume kuwa mama wa waumini. Hisia za Makhawariji ziliguswa kwa njia ya dalili, wala hazikuwekwa badala ya dalili. Na kila alipomaliza jambo moja aliwauliza kama wametoka humo, nao wakikiri.

Imamu Ghazali (aliyefariki 505 Hijria), katika Kitabu cha Elimu cha Ihyaa, ametaja masharti manane ya munadhara, na miongoni mwake ni kupendelea faragha kuliko mbele ya hadhara, kwa kuwa faraghani fahamu hukusanyika na riya hupungua.

Ama waliorejea na Ibn Abbas siku ile, katika mapokezi ya Nasai na Hakim walikuwa elfu mbili, na riwaya nyingine zimetaja idadi kubwa zaidi. Waliokataa ndio waliopigwa vita Nahrawan mwaka 38 Hijria.