Ujuzi wa Pareto Usizikwe na Wazee

Mchumaji hodari wa pareto kule Molo au Mau Narok hahitaji kitabu. Akilitazama ua anajua kama limekomaa. Hulichuma bila kikonyo, kisha huyatandaza maua juani, maana mabichi yakirundikwa hupata joto na kuharibika. Yakivunjika kiganjani, yamekauka.

Mjini Nakuru kiwanda kilikuwa na ujuzi wa aina nyingine. Wataalamu walipima pairethrini, ile sumu iuayo wadudu, na mkulima alilipwa kwa kipimo hicho. Mwaka wa 1995 Wajapani wawili, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walieleza katika kitabu chao kwamba shirika hustawi pale ujuzi wa mikono unapoandikwa, na ule ulioandikwa unaporudi mikononi.

Hapa kwetu mzunguko huo ulikatika. Kenya, iliyokuwa ikiongoza ulimwenguni kwa pareto, iliona wakulima wengi wakiing'oa miaka ya 2000 malipo yalipochelewa. Baadaye juhudi za kulifufua zao hili zilianza na miche ikagawanywa. Lakini mche hauji na mikono ya kuuchuma. Kijana ambaye hajawahi kuona shamba la pareto atasoma kijitabu, achume maua machanga, apate bei duni, naye ang'oe tena.

Basi, msomaji, kama una nyanya aliyewahi kuchuma pareto, mjukuu na afuatane naye shambani angali na nguvu. Afisa wa kilimo naye aende na kalamu.