Brussels: Jumba la haki lililozungushiwa vyuma kwa miaka 40 laanza kufunuliwa

Kwa miaka zaidi ya 40, majukwaa ya chuma ya wajenzi yamezunguka Palais de Justice ya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Yaliwekwa katika miaka ya 1980 ili mawe ya kuta yatengenezwe. Kazi ikakwama, vyuma vikashika kutu, hadi majukwaa yenyewe yakahitaji kutengenezwa. Sasa ukarabati umefika upande wa mbele, na vyuma vya hapo vimeanza kuondolewa.

Jumba hilo lilichorwa na Joseph Poelaert na kujengwa kati ya 1866 na 1883. Linachukua karibu meta za mraba 26,000, kuliko Basilika ya Mtakatifu Petro kule Roma. Wakaaji wengi wa mtaa wa Marolles walihamishwa kwa nguvu ili lipate nafasi, na neno "architecte" likageuka tusi mtaani. Mnamo Septemba 1944, wanajeshi wa Ujerumani waliokuwa wakikimbia walilichoma moto. Kuba lake liliungua, likajengwa upya baada ya vita.

Lakini kusafisha mawe hakutoshi. Jengo la karne ya 19 halikupangwa kwa ulinzi wa kesi za leo. Baadhi ya ofisi za sheria zimehamia majengo jirani, na kesi ya mashambulizi ya Machi 2016 ilisikilizwa Haren, katika makao ya zamani ya NATO.

Kwa Wakongomani, jumba hili si la mbali. Halikujengwa kwa mali ya Kongo: lilizinduliwa miaka 2 kabla ya Leopold II kujitwalia inchi hii mwaka 1885. Hata hivyo, deni la ukoloni limefika mlangoni pake. Wanawake 5 wametisi, waliozaliwa Kongo na kunyang'anywa mama zao wakiwa watoto wadogo, walishitaki serikali ya Ubelgiji. Walishindwa mwaka 2021, wakakata rufaa. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels, yenye makao katika jumba hilo, iliamua kwamba serikali ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000.

Wanawake hao walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 70. Mawe ya jumba bado yanangoja: kazi yote imepangwa kuendelea hadi karibu mwaka 2040.