Mgonjwa aelezwe kwa lugha aijuayo kabla ya kupasuliwa

Mwaka jana nilimpeleka mama yangu mzazi katika hospitali moja ya Pwani ili apasuliwe jicho la kulia. Tulifika kabla ya saa moja asubuhi, naye alikuwa amejitanda leso mpya kama mtu aendaye arusini. Kufikia saa tatu tulikuwa tumesimama tena langoni tukitafuta gari la kuturudisha nyumbani, na jicho lenyewe halijaguswa. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda mno, na daktari akakataa kumwingiza katika chumba cha upasuaji.

"Mama, leo umemeza dawa zako za presha?" muuguzi alimwuliza.

Mama akajibu kwa fahari: "La, mwanangu. Tangu jana magharibi sijatia kitu kinywani. Mtu wa kupasuliwa hali."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Katika mfuko wa koti langu mlikuwa na karatasi ya maagizo niliyokabidhiwa juma moja kabla ya siku hiyo, imeandikwa kwa Kiingereza safi. Ilieleza bayana kwamba mgonjwa atakayetiwa ganzi ya jicho pekee anaruhusiwa kula kiamshakinywa chepesi, na kwamba anayetumia dawa za shinikizo la damu azimeze kama kawaida. Hospitali nyingine huagiza vingine, hasa mgonjwa anapolazwa usingizi, na hiyo ndiyo sababu kila mgonjwa hana budi kuyafahamu maagizo yake mwenyewe. Mimi niliisoma karatasi ile, nikaielewa, nikaikunja na kuitia mfukoni. Nafundisha isimu katika chuo kikuu, na nadharia ya tafsiri nimeisomesha kwa zaidi ya mwongo mmoja. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi.

Sisemi haya kwa nia ya kuwalaumu wahudumu wa hospitali ile, kwani walitupokea kwa hisani. Nayasema kwa sababu yaliyompata mama yangu huwapata wagonjwa wengi wasio na mtoto mhadhiri, wala hata mtoto wa kuwasomea karatasi.

Isitoshe, hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa lugha kumcheleweshea mama matibabu. Miaka miwili awali, mtu mmoja alimwambia kwa haraka kwamba "kile kitu cha ndani ya jicho" kitatolewa na atiwe "cha plastiki". Mama alielewa kwamba atang'olewa jicho atiwe la bandia, naye akakataa katakata. Akaongezewa kwamba huenda akapewa nusukaputi. Msomaji, litazame neno hilo kwa makini. Kwa mzee, kaputi ni aliyekwisha kufa. Sasa nusukaputi ni nini kama si kufikishwa nusu ya njia ya kaburini? Basi kwa miaka miwili mama akawa hawezi kuchagua mchele, na mara mbili aliungua mkono kwa kukosea mahali ilipo sufuria. Aliyempokonya nuru miaka hiyo si maradhi peke yake. Maneno nayo yalishiriki.

Ukweli wenyewe ni mwepesi kuliko hofu yake. Nyuma ya mboni ya jicho pana lenzi ndogo yenye uangavu kama maji. Aghalabu umri unaposonga, lenzi hiyo hushika ukungu, na huo ukungu ndio tuuitao mtoto wa jicho. Hakuna matone ya dawa yauondoayo. Daktari hupasua sehemu ndogo, akatoa lenzi iliyochafuka na kutia nyingine iliyotengenezwa kiwandani. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa daktari Mwingereza, Harold Ridley, jijini London mnamo Novemba 1949. Alikuwa ametambua kwamba vibanzi vya plastiki vya madirisha ya ndege vilivyowaingia marubani machoni wakati wa Vita Vikuu vya Pili viliweza kukaa humo pasipo jicho kuvikataa. Kwa mgonjwa mtu mzima, kazi hiyo kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya jicho tu, naye yu macho na anasikia kila kitu.

Tuliporudi baada ya majuma mawili, nilijitwika jukumu la kumweleza mama mambo hayo yote. Nilianza vyema, lakini nilipofika kwenye lenzi nikakwama. Nilitaja "kiungo angavu kinachopindisha miale ya nuru", naye akaniangalia kwa huruma. Aliyetuokoa ni mhudumu wa wodi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akitandika vitanda.

"Mama, umewahi kutumia kandili?" akamwuliza.

"Nimeitumia miaka na miaka."

"Basi chemni ikishika moshi nyumba huingia kiza, ingawa utambi unawaka. Jicho lako ni hivyo hivyo. Chemni ya kandili tunaisugua, hii ya jicho haisuguliki. Wanaitoa, wanatia mpya. Kandili ni ile ile."

"Kwa hivyo jicho langu linabaki?"

"Linabaki, mama. Litakwenda wapi?"

Mama akacheka, na kwa mara ya kwanza nikamwona amelegeza mabega.

Tangu hapo nilianza kuyatazama matayarisho ya upasuaji kwa namna nyingine. Tulikuwa tumekwisha kupimiwa urefu wa jicho na mviringo wa konea ili ichaguliwe lenzi ya nguvu inayofaa. Asubuhi ile mama alipimwa shinikizo la damu, na safari hii lilikuwa limetulia. Akaambiwa avue vipuli na aoshe uso uishe wanja wote. Juu ya nyusi ya kulia akatiwa alama ya kalamu ili pasitokee kosa la kupasua jicho lisilohusika. Matone ya kupanua mboni yakatiwa mara kadhaa, kisha ganzi. Akafunzwa kwamba akiwa kitandani asitikisike, asipeleke mkono usoni, na akihisi kikohozi aseme kwanza. Hatua nyingi kati ya hizo zategemea sentensi ambayo mgonjwa ameifahamu au hakuifahamu. Daktari aweza kuwa na mikono stadi na vyombo vya kisasa, lakini mgonjwa asiyejua kwamba hapaswi kukohoa ghafla anaweza kuiharibu kazi yote kwa nukta moja.

Sheria za nchi hazikulisahau jambo hili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, aina za matibabu, manufaa na hatari zake, na kila iwezekanapo afanye hivyo kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Mgonjwa anayetia kidole gumba kwenye fomu asiyoijua ametoa wino tu. Hatuwezi kusema ametoa idhini.

Wako watakaonijibu kwamba Kiswahili hakina istilahi za kitabibu. Hoja hiyo haina mashiko. Mboni, ganzi, kope, usaha na mtoto wa jicho ni maneno ya tangu jadi. Lenzi, konea na retina tumekwisha kuyakopa na yametukaa. Hilo jina la Kiingereza la mtoto wa jicho lenyewe limetoka katika Kilatini kwa maana ya maporomoko ya maji, na Kilatini kilikuwa kinafasiri jina la matabibu wa Kiarabu walioudhani ugonjwa huu kuwa maji yateremkayo jichoni. Hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi zake mkononi. Zaidi ya hayo, kilichomrudisha mama nyumbani siku ile hakikuwa istilahi ngumu. Yalikuwa maneno manne: meza dawa kama kawaida. Nani atasema Kiswahili hakina maneno hayo? Na palipo na mgonjwa asemaye Kipokomo au Kidigo tu, kanuni ni ile ile.

Walimu wenzangu na wanafunzi, hii ni kazi yetu. Muhula uliofuata niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu karatasi ile waifasiri. Rasimu ya kwanza ilisema: "Mgonjwa anashauriwa kuendelea na matumizi ya tembe za kudhibiti shinikizo la damu." Kisarufi haikuwa na kasoro, ila mama yangu asingejua la kufanya. Tuliifanyia kazi hadi ikawa: "Asubuhi ya kupasuliwa, meza dawa zako za presha kwa maji kidogo, kama siku zote." Mwalimu wa shule ya upili aweza kuwapa wanafunzi zoezi kama hilo badala ya ufupisho wa vifungu visivyo na mwenyewe, kisha wakawasomee wazee wao nyumbani na kuwauliza wameelewa nini. Hospitali nazo zikipelekewa karatasi hizo, zikakaguliwa na madaktari wao, zitakosa sababu gani ya kuzikataa?

Mama alipasuliwa salama. Alipokwisha kupona, akapata miwani ya kusomea, kwani lenzi aliyotiwa ni ya kuonea mbali. Yeye alijifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru miaka ya themanini, na Kiswahili hukisoma bila taabu. Nilimpa nakala ya wanafunzi wangu. Aliisoma polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho, kisha akavua miwani na kunitazama.

"Hii ndiyo ile uliyokuwa nayo mfukoni?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya leso yake.