Buibui wa nyika akihamia nyumbani, mpe udongo kwanza

Ukitaja buibui Mombasa au Lamu, wengi watafikiria vazi la kina mama. Huku Merti, ninakofundisha bayolojia, ukilitaja neno hilo wanafunzi hutazama chini ya viti. Siwalaumu, ingawa mara nyingi kile kidudu cha miguu mirefu kinachokimbia usiku kufuata taa si buibui kamwe. Ni jamaa yake wa mbali, hana sumu, ana taya kubwa na haraka nyingi tu.

Ninayemzungumzia leo ni yule mkubwa mwenye manyoya, anayeitwa tarantula. Mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza, amenunua mmoja dukani. Ni wa rangi ya chungwa, aina ya Pterinochilus murinus, na wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la milima ya Usambara, pale Tanga kwa jirani zetu. Amezaliwa kwenye kisanduku huko huko baridini, lakini asili yake ni kwetu. Siku ya tatu mpwa akanipigia simu: "Mjomba, hali kitu, amejificha tu. Atakufa huyu?"

Hafi. Buibui aliyehamishwa hana haja na chakula, ana haja na maficho. Hawa wa Afrika ni wachimbaji. Porini hukaa shimoni, wakatandaza utando mlangoni, na mdudu akipita hutikisa nyuzi. Kwa buibui, mtikisiko ndio habari, maana macho yake manane hayaoni mbali. Basi mtie kwenye kisanduku chenye udongo mkavu ulioshindiliwa, kina cha sentimita 15 au zaidi, na kipande cha gome la mti cha kujificha chini yake. Mfuniko ufungwe barabara na uwe na matundu ya hewa. Juu pasiwe na nafasi kubwa, kwani akianguka kutoka juu tumbo lake hupasuka kama embe bivu.

Yule mfalme wa jamii hii, Pelinobius muticus wa Kenya na Tanzania, ambaye miguu yake ikinyooshwa hukaribia sentimita 20, anahitaji kina kikubwa zaidi. Miguu yake ya nyuma ni minene kama sepetu, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuchimba.

Kuhusu joto, wa Uingereza huhangaika, sisi hatuna shida hiyo. Nilimkataza mpwa kuweka kipasha joto chini ya kisanduku. Buibui akihisi joto huchimba kwenda chini kutafuta baridi, sasa huko chini ndiko moto uliko. Chumba chenye nyuzijoto 24 hadi 28 kinatosha. Maji yawe kwenye kisahani kifupi, wala sponji haihitajiki.

Sasa chakula. Mwache wiki nzima bila kumsumbua, ndipo umpe nyenje au mende mmoja asiyezidi ukubwa wa tumbo lake. Mpe usiku. Asipomla, kesho yake mwondoe huyo mdudu. Mkubwa hutosheka na mlo mmoja kila wiki moja au mbili, na mdogo anayekua apewe mara mbili kwa wiki. Hatafuni kama sisi: hudunga sumu, humwaga maji ya kumeng'enya, kisha hufyonza supu. Kidonge kikavu utakachokikuta pembeni ndiyo mabaki, kiondoe kisiote ukungu.

Mende wa jikoni usimpe kabisa ikiwa nyumba hupuliziwa dawa. Panzi vivyo hivyo. Nzige walipoivamia Isiolo mwaka 2020 dawa ilimwagwa kwingi, na sumu iuayo nzige haimbagui buibui.

Penye hofu kubwa kwa wafugaji wapya ni pale anapogoma kula kwa wiki nyingi, kisha siku moja akalala chali miguu juu. Wengi hudhani amekufa wakamtupa. Kumbe anajivua gamba. Usimguse, usimgeuze, na hakikisha hakuna nyenje humo ndani, kwa kuwa wakati huo mwili wake ni laini na nyenje anaweza kumtafuna yeye. Meno yake yanatoka meupe, mpaka yawe meusi tena ndipo umlishe.

Na asishikwe mkononi. Tarantula wengi wa Amerika hujikinga kwa kurusha manyoya yanayowasha, hawa wetu hawana silaha hiyo, kwa hiyo huuma, tena upesi. Maumivu ni makali na misuli inaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Ukiumwa, nenda hospitali.

Tangu habari ya mpwa ienee, nimepokea maombi matatu kutoka nyumbani Pwani: "Mwalimu, tuchimbulie mmoja huko nyikani, utume kwa basi." Jibu ni hapana. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haiwahusu ndovu peke yao. Tarehe 7 Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi 12, na mali yao ilikuwa malkia wa sisimizi waliotiwa kwenye vichupa vyenye pamba. Wawili kati yao ni vijana wa Ubelgiji wa miaka 19, waliokamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi 5,000 hivi. Buibui wa nyikani pia ni mnyamapori, kumtwaa bila kibali cha KWS ni kosa. Isitoshe, jike huchukua miaka kukomaa na akiachwa huishi zaidi ya miaka 10, hivyo shimo likichimbuliwa leo halijazwi na mwingine msimu ujao.

Anayetaka kumwona aje Merti mvua ikishanyesha, wakati madume yanapotoka kutafuta majike. Tutachukua tochi, tutafuata ukingo wa Ewaso Nyiro hadi penye udongo mgumu, tuchuchumae mbele ya shimo lenye utando. Ukitikisa nyuzi polepole kwa jani la nyasi, atatokeza miguu miwili ya mbele kuuliza ni nani.