Mama anapoogopa kucheka

Unamjua yule shangazi ambaye kila harusi anakaa karibu na choo? Akipiga chafya anabana miguu. Ukimuuliza: "Ndo uzee, mwanangu." Hapana bwana, inatibika.

Mkojo ukimtoka akikohoa, akicheka au akibeba mzigo, misuli inayoshikilia kibofu kwa chini imelegea, mara nyingi kwa mimba na uzazi. Akibanwa ghafla hata choo hakifiki, hapo kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati. Wengine wana yote mawili.

La kwanza huanza na mazoezi, yale aliyoyaandikia Dkt. Arnold Kegel wa Marekani mwaka 1948: unabana kama unayezuia mkojo na upepo, unaachia. Hapa Uingereza wanashauri mibano 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 angalau. (Wengi huacha wiki ya pili, halafu wanasema hayasaidii!) La pili, anakizoesha kibofu kusubiri, anapunguza kahawa na, samahani, chai. Ikibidi, kuna vidonge.

Asijinyime maji, mkojo mzito unakera kibofu. Akiona damu, daktari mara moja.

Na usiende kumtafsiria wewe, hasa ukiwa mtoto wa kiume. Mwombeeni mkalimani wa kike; NHS hamlipii.